Kadi ya Wino wa Kijani: Kumuaga Mjomba wa Kituo cha Anga

Leo Ijumaa, tarehe 28 Juni, saa kumi kamili alasiri, Mjomba atakabidhi kofia yake ya kuongozea wageni baada ya kukitumikia kituo chetu cha kupokea picha za setilaiti kwa miaka thelathini na miwili na miezi mitano. Katika muda wote huo amechelewa kazini mara mbili tu, na mara ya pili ilibainika kwamba ni saa ya getini iliyokuwa mbele.

Kamati ya sherehe ilinipa mimi, mhesabu kadi wa kituo, kazi ya kuandika wasifu huu. Niliagizwa uwe mfupi, uchangamke, na nisijaze takwimu kama kawaida yangu. Jumatatu ya wiki iliyopita ulikuwa tayari, ukurasa mmoja na nusu, una vichekesho vinne na takwimu moja tu. Jumanne niliuchana. Huu mnaousoma nimeuandika upya, na mkiona sentensi zinayumba mnisamehe, maana mpaka leo sijakaa sawa.

Tuanze na yale ambayo kila mtu anayajua. Mjomba aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na saba, kama mlinzi wa geti. Wakati huo kituo hakikuwa na mwongoza wageni kwa sababu hakikuwa na wageni. Kulikuwa na dishi kubwa juu ya kilima, jengo refu la vyumba saba chini yake, na mji mzima ulioamini kwamba humo ndani tunasikiliza simu za watu. Waliofika getini walikuja kulalamika. Mlinzi kijana akawa anawajibu, mwanzoni ili waondoke, baadaye kwa sababu alinogewa. Alichokuwa hakijui aliwauliza wahandisi wakipita, akawauliza tena wakirudi, hadi baadhi yao wakaanza kupitia geti la nyuma.

Mwaka wake wa tatu, Mkuu wa kituo wa wakati huo alichungulia dirishani akaona watu kumi na wanne wamemzunguka mlinzi wake wanacheka. Mlinzi alikuwa ameshika sufuria mkono mmoja na tochi mkono wa pili, anawaonyesha setilaiti inavyoizunguka dunia na kwa nini haituangukii. Wiki iliyofuata alipewa kofia na cheo kipya.

Tangu hapo hakuna aliyetoka kituoni akiwa hajaelewa. Mkulima alitoka anajua kwamba picha kutoka juu huonyesha shamba lililougua kabla jani halijageuka rangi. Nahodha alitoka anajua dhoruba inavyoonekana mapema. Aliyedai kwamba mambo ya anga ni ya matajiri wasio na kazi aliombwa atoe simu yake mfukoni. "Usiniulize setilaiti iko wapi," Mjomba alikuwa akimwambia. "Iulize simu yako imejuaje wewe uko wapi." Kisha alinyamaza amwache mtu aitazame simu yake mwenyewe kama vile ndiyo kwanza anaiona.

Bibi mmoja alitaka kujua kama mtambo wetu unaweza kumwona mwizi wa kuku wake. Mjomba akamjibu kwamba unaweza kuona banda likiungua, ila mwizi amtafute karibu zaidi na nyumbani. Baada ya wiki mbili bibi alirudi na trei ya mayai na shukrani. Mwizi alikuwa mkwewe.

Mkubwa mmoja kutoka makao makuu aliomba abonyeze kitufe cha kugeuza dishi, apigwe picha. Mjomba akampeleka kwenye kitufe chekundu ukutani, mkubwa akabonyeza kwa heshima zote, kamera zikalia. Kilikuwa kitufe cha feni. Ile picha bado iko kwenye ubao wa matangazo, na mkubwa mwenyewe amewahi kuiomba nakala.

Hata jina lake lina historia, na hapo ndipo ninapoanza kuona aibu. Kwa miaka mingi alikuwa akirudi kazini mchana na mtoto wa kike mwenye sare ya shule, ambaye alikaa kwenye benchi la mapokezi akifanya kazi zake za darasani mpaka jioni. Mtoto alimwita Mjomba. Fundi umeme akalidaka, mpishi wa kantini akalidaka, mwisho hata wakuu wa kituo waliokuja na kuondoka walimwita hivyo kwenye barua rasmi. Mimi nilipoajiriwa, miaka kumi na tisa iliyopita, nilikuta jina limeshakuwa lake. Jina la kwenye vyeti analijua karani wa masijala peke yake. Na katika sisi sote tuliolitumia jina hilo asubuhi na jioni, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kwa nini mtoto yule anaishi kwa mjomba wake.

Sasa niwaeleze kuhusu kadi, kwa ajili ya wageni wetu wa leo. Kila mgeni anayemaliza ziara hupewa kadi yenye swali moja: Je, kazi ya kituo hiki imekufaa wewe? Chini kuna visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, na mistari mitatu ya kueleza. Mgeni huandika tarehe, huitumbukiza kwenye sanduku la mbao mlangoni, na kila Ijumaa Mjomba hulifungua sanduku na kuniletea kadi ndani ya bahasha. Husimama mbele ya meza yangu mpaka nisaini. Mimi huzipanga, Ndiyo huku na Hapana kule, nazihesabu, na kila mwisho wa Mei napeleka ripoti makao makuu. Wenye kuamua kama kituo kiishi au kifungwe huanzia kwenye ripoti hiyo kuona wananchi wanasemaje.

Wananchi, kwa kazi ya Mjomba, wamekuwa wakisema Ndiyo kwa wingi unaotutia kiburi. Wenye Hapana huja na kupita. Wengi wao hukasirika wakiambiwa dishi letu halionyeshi mpira. Ila kulikuwa na mmoja wa kudumu. Kila mwaka, kadi moja, herufi kubwa, wino wa kijani, Hapana. Tulimpa jina la Bwana Hapana.

Kadi yake ya kwanza iko kwenye faili la mtangulizi wangu. Imeandikwa: HAPANA. PICHA ILIKUWEPO. Mtangulizi wangu na wenzake waliikalia kikao. Wakaamua kwamba mgeni huyu anaitafuta picha fulani aliyoiona zamani ukumbini na sasa haioni vizuri, labda kwa sababu ni ndogo. Wakaichukua picha iliyokuwa ikisifiwa kuliko zote, ile ya wingu kubwa la masika lililojikunja juu ya milima, wakaikuza, wakaitia fremu, wakaitundika katikati ya ukumbi na maandishi chini yake: Mawingu ya Masika. Wote mnaijua. Mmeipita leo mkiingia.

Kadi ya pili ilisema: HAPANA. ZAHANATI INA SIMU. Wakakaa tena kikao. Wakafunga simu ya wageni pale getini.

Ya nne ndiyo iliyowagusa: HAPANA. ALIYE BONDENI HASOMI RIPOTI. Mkuu wa kituo wa wakati huo alikuwa mwepesi wa kuelewa. Aliuliza ni nani anayeambiwa tukiona mvua kubwa inajikusanya milimani, akajibiwa kwamba tunaandika ripoti na kuituma makao makuu. Tahadhari za redio zilianza mwaka ule. Kadi iliyofuata ikasema: HAPANA. MMETANGAZA SAA AMBAYO WATU WAKO SOKONI. Saa ikabadilishwa. Baada ya miaka kadhaa, nikiwa nimeshaajiriwa: HAPANA. MWENYEKITI ALIPIGIWA. MWENYEKITI ALIKUWA MSIBANI. Tukatengeneza orodha ya watu watano wa kupigiwa katika kila mtaa wa bondeni. Kisha ikaja hii, ambayo mchambuzi wetu wa picha aliibandika juu ya kompyuta yake: HAPANA. MVUA JUU YA WASTANI NI NINI? SEMENI TOKA. Tangu siku hiyo ujumbe wetu husema: Toka sasa, panda hadi shuleni.

Kwa utaratibu huo wa tahadhari tumepewa vyeti vitatu. Viko ukumbini, mkono wa kulia. Kwenye hotuba za kupokea vyeti tumewashukuru wafadhili, wizara na wahandisi. Bwana Hapana tulimtania tu.

Na tulimtafuta. Kamati iliundwa, zawadi ikatangazwa, kreti nzima ya soda kwa atakayemtambua. Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Mjomba. Ndiye aliyemshuku mshona viatu wa kona, kisha mwalimu mstaafu wa hesabu, kisha paroko. Alituvunja mbavu na nadharia zake. Ile soda tuliinywa wenyewe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wasifu wangu wa kwanza uliliita kilele cha utumishi wake. Miaka kumi na moja iliyopita makao makuu yalitaka kutufunga. Barua ilisema kwamba wananchi wanahitaji barabara na dawa, si mambo ya angani, na tulipewa wiki saba kuonyesha vinginevyo. Sisi tuliandika maelezo ya kurasa themanini. Mjomba alibeba sanduku la kadi, sufuria na tochi, akaenda sokoni, stendi ya mabasi, viwanja vya mpira, na kwenye foleni za hospitali ambako watu hawana pa kukimbilia. Alirudi sauti imekauka na kadi elfu sita na mia mbili na kumi na nne. Elfu tano na mia tisa zilisema Ndiyo. Watu waliandika kuhusu mashamba, simu na watoto wao waliokuja nyumbani na kuwafundisha mwezi unavyokwenda. Kurasa zetu themanini hazikusomwa. Kadi zilisomwa, na kituo kikabaki.

Katika kadi zile, moja ilikuwa ya wino wa kijani. Hapana.

Mwaka huu mvua zilituweka roho juu. Tarehe 9 Aprili asubuhi mchambuzi aliliona wingu likijikunja milimani kama lile la kwenye fremu. Saa sita mchana simu zilianza kupigwa. Watu mia nne na kumi na wawili wa mitaa mitatu ya bondeni walipanda hadi shuleni. Saa tisa alasiri mto ulipita mahali walipokuwa wakipikia. Nyumba thelathini na tisa zilikwenda. Hakuna aliyekufa, hata mmoja.

Baada ya hapo kadi za Aprili zilikuja, na kwenye upande wa Hapana wino wa kijani haukuonekana. Mei hivyohivyo. Nilipeleka ripoti bila Bwana Hapana kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nikawaambia wenzangu wakati wa chai kwamba huenda mzee wa watu amefariki. Tuliingiwa na huzuni. Fundi umeme alipendekeza tusimame dakika moja. Tukasimama. Mjomba alikuwa amekaa palepale anamenya chungwa, na yeye akasimama, chungwa mkononi, akainamisha kichwa.

Nafika sasa kwenye Jumanne. Asubuhi ile Mjomba alikuwa anakabidhi vifaa kwa mtunza stoo, nami nilipita kuchukua sufuria kwa ajili ya meza ya maonyesho ya leo. Droo yake ilikuwa imetolewa na kuwekwa juu ya kiti. Ndani yake kulikuwa na kalamu moja ya kijani na mirija ya wino ya kubadilishia, na ile kalenda ya kituo ya mwaka wa maadhimisho, yenye picha ya wingu kwenye mwezi wa nne. Katika ya kwake, ukurasa wa Aprili ulikuwa umebanwa na wa Machi kwa stepla, pande zote, haufunguki. Niliikumbuka kalenda hiyo. Tulikuwa tukimtania kwamba kwa Mjomba mwaka una miezi kumi na moja.

Niliitazama ile kalamu nikacheka kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni, nikaona nimepata kichekesho cha tano cha wasifu. Nikaenda zangu masijala kuchukua faili lake nihakiki tarehe za ajira. Humo, kati ya fomu za likizo, nikakuta moja imefifia: likizo ya dharura, siku nne, kuanzia tarehe 18 Aprili, mwaka wake wa tano kazini. Sababu: msiba wa dada.

Mimi ni mtu wa takwimu. Nilirudi ofisini nikafungua kabati nikazitoa kadi za kijani zote, ishirini na sita, nikazipanga mezani. Sijawahi kuzipanga kwa tarehe. Kwa miaka kumi na tisa nimezipanga kwa jibu, Ndiyo huku na Hapana kule, na tarehe sikuwa na haja nayo. Kadi zote ishirini na sita zimeandikwa tarehe 17 Aprili.

Niliziacha palepale mezani. Kisha nikaenda ukumbini, nikaivua ile fremu ukutani, nikaitazama kwa nyuma. Kwa penseli, kwa mwandiko wa mchambuzi ambaye alishastaafu zamani, imeandikwa: Ilipokelewa tarehe 15 Aprili, saa tisa alasiri. Mwaka ni uleule wa fomu.

Nilimkuta kwenye kibanda cha geti, anapaka viatu rangi. Sikujua nianzie wapi, nikaiweka picha mezani mbele yake ikiwa imegeuzwa. Aliyasoma yale maandishi ya penseli kana kwamba hajawahi kuyaona, na kweli hakuwahi. Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti, huku brashi ikiendelea na kiatu.

Dada yake mdogo alikuwa akiishi bondeni, mita mia moja kutoka zahanati. Picha ilipofika, wataalamu waliiona, wakaandika ripoti, wakaituma kwa posta. Ripoti ilipigwa mhuri wa kupokelewa tarehe 22. Kwa kuwa picha ilikuwa nzuri, nakala yake ilitundikwa ukumbini tarehe 16, na siku hiyohiyo yeye Mjomba alikuwa na ugeni wa walimu. "Nikawaambia watazame wingu lilivyojikunja, uzuri wake," alisema. "Wakapiga makofi. Mimi sikujua linasema nini. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilitazama na sikuona." Kesho yake, saa nane mchana, mto ulishuka. Dada yake alikuwa ndani. Mtoto wake wa miaka sita alikuwa shuleni, juu kilimani, ndiyo maana alipona.

Ndiye yule mtoto wa benchi la mapokezi.

Nilichofikiria ni ile fremu. Miaka ishirini na sita tuliitundika mbele yake kwa sababu alituandikia kwamba picha ilikuwepo. Kila siku ya kazi alisimama chini yake na wageni, na tulipotaka kumpongeza tulimpiga picha hapohapo. Nilimuuliza kwa nini hakusema. "Ningesema mimi, mngenipa pole," alijibu. "Mgeni akilalamika, mnakaa kikao."

Nikamuuliza basi aliwezaje kutusifia mchana kutwa, akaenda mpaka kwenye foleni za hospitali kutuombea kura, halafu akajaza Hapana. Akaniangalia kwa mshangao, kama mimi ndiye niliyesema jambo la ajabu. "Kazi ni nzuri. Nimeisifu kwa sababu ni nzuri, tena ingefungwa, nani angepiga simu? Lakini kadi haiulizi kama kazi ni nzuri. Inauliza kama imenifaa mimi."

Swali lile, ndugu zangu, tulilitunga sisi. Tumelichapisha kwenye kadi zaidi ya laki mbili. Katika wote waliolijibu, sina hakika kama kuna mwingine aliyelisoma kwa makini namna hiyo.

Mkuu wa kituo alipoyasikia haya, alisitisha kikao, akatoka nje akasimama chini ya dishi muda mrefu. Kisha alitaka fremu ile iondolewe kabisa. Ni Mjomba aliyekataa. Kamati ilikuwa imemnunulia kiti cha kupumzikia chenye mito, naye alisema kiti apewe mlinzi wa geti, ambaye ndiye anayesimama. Zawadi anayoitaka ni picha ibaki palepale ilipo, ila maandishi yabadilishwe. Yale ya Mawingu ya Masika yametolewa. Kuanzia leo yanasomeka: Ilipokelewa tarehe 15, saa tisa alasiri. Mto ulifurika tarehe 17, saa nane mchana. Hakuna aliyepigiwa simu. Ameyaandika mwenyewe, na mwongoza wageni mpya ameagizwa asiipite bila kuisoma kwa sauti.

Limebaki jambo moja, na hili nililigundua mwisho kabisa, Jumanne ileile jioni, nilipokuwa nazirudisha kadi kabatini. Nilijiuliza kwa nini mwaka huu hakuandika. Kadi yake ya mwaka jana ilisema: HAPANA. BADO HAIJAJARIBIWA. Sasa imejaribiwa, na bado bunda la Hapana halikuwa na wino wa kijani. Ndipo nilipopata wazo ambalo mtu mwingine angelipata siku ya kwanza. Nikaenda kwenye bunda la Ndiyo la Aprili, kadi mia nane na ushee, ambazo nilizihesabu na sikuzisoma, nikaanza kuzipekua moja moja.

Ilikuwa ya tatu kutoka chini. Tarehe 17 Aprili, wino wa kijani, lakini si herufi kubwa. Ni mwandiko wa kulala, wa kuunganisha, wa mtu aliyejifunza kuandika kwenye benchi letu la mapokezi. Mpwa wake, ambaye leo ni fundi cherehani na mama wa watoto watatu, na ambaye anaishi bondeni kwenye kiwanja cha marehemu mama yake, alikuja siku hiyo kama mgeni wa kawaida. Alifanya ziara yote akaazima kalamu. Mjomba alimwachia kadi ya mwaka huu, kwa kuwa anasema kura ile haikuwa yake tangu mwanzo.

Kwa ruhusa ya mwenyewe, ambaye leo amekaa safu ya mbele na wanawe, nainakili hapa neno kwa neno: Ndiyo. Simu ililia saa sita na robo. Nilitoka na watoto wote watatu. Mama naye angetoka.

Mjomba, tunakushukuru kwa wageni wote uliotuletea, na kwa vikao vyote ulivyotukalisha bila sisi kujua. Utusamehe fremu. Utusamehe na ile dakika moja ya kukuombolezea, ingawa tunashuku uliifurahia. Tunajua unahamia kwa mpwa wako, kwenye nyumba mpya inayojengwa palepale bondeni, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwashawishi vinginevyo. Pumzika, lea wajukuu, kunywa chai ikiwa bado ya moto. Namba yako tumeiingiza kwenye orodha, ni ya kumi na sita. Ikilia, usiulize wastani. Toka.